Taa ya onyo imewaka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu umeme na breki za pikipiki

Majibu haya nimeyaandika kama ninavyoyatoa nikiwa nimechuchumaa kando ya pikipiki, mita ya umeme mkononi. Pikipiki hazifanani, kwa hiyo kitabu cha pikipiki yako kikisema tofauti na mimi, fuata kitabu. Ila jambo moja sijaona likibadilika: taa ya onyo inakutajia mtaa, haikutajii nyumba. Kifaa kipi kimekufa utakijua kwa kupima, si kwa kununua.

Taa imewaka njiani. Niendelee au nisimame?

Tazama rangi kwanza. Ikiwa nyekundu, toka barabarani, zima injini, kagua kabla ya kwenda popote. Kundi hili ni la presha ya oili, joto la injini na, kwa baadhi ya pikipiki, mafuta ya breki. Ikiwa ya njano, kwa kawaida unaweza kufika unakokwenda kwa mwendo wa pole, lakini usiizoee. Huko ndiko ziliko taa ya ABS (mfumo unaozuia gurudumu kujifunga unapofunga breki) na taa ya injini.

Kuna mtego hapo. Pikipiki nyingi, hasa ndogo, hazina kabisa taa ya mafuta ya breki. Dashibodi inaweza kuwa kimya huku mkono wa breki ukienda mpaka kugusa usukani. Vidole vyako vinaijua breki kuliko dashibodi inavyoijua. Ukihisi mkono umelegea kuliko jana, hiyo ndiyo taa nyekundu yako.

Kwa nini taa zote zinawaka nikifungua swichi, halafu zinazima zenyewe?

Zinajipima. Ya kutia shaka ni ile ambayo haiwaki kabisa wakati huo: balbu yake imeungua, au kuna mtu ameichomoa ili ubovu usionekane. Ukienda kununua pikipiki iliyotumika, fungua swichi na uzihesabu kabla hujawasha injini.

Taa ya ABS haizimi hata nikiendesha. Breki zimekufa?

Hapana. Breki za kawaida zipo na zinashika. Kilichoondoka ni ulinzi wa gurudumu kujifunga unapofunga breki kwa nguvu, hasa kwenye maji au mchanga. Endesha ukikumbuka hilo.

ABS ya kielektroniki ilianza kuuzwa kwenye pikipiki mwaka 1988, kwa BMW K100, na msingi wake haujabadilika. Kila gurudumu lina ringi yenye meno au matundu, na kando yake kuna sensa inayoyahesabu yanapopita. Kompyuta inalinganisha hesabu ya mbele na ya nyuma. Ndiyo maana taa haizimi pikipiki ikiwa imesimama: inasubiri magurudumu yazunguke, na nyingi huzima baada ya kutembea mita chache tu. Isipozima, kompyuta haiziamini hesabu inazopata, nayo imejiondoa kazini.

Mimi naanza na betri, ingawa watu hushangaa. Betri dhaifu hushuka sana volti wakati wa kupiga stata, kompyuta ya ABS inaona umeme hautoshi, inajizima. Ichaji betri mpaka ijae, kisha ujaribu tena. Baada ya hapo nenda kwenye fyuzi, na usiridhike na moja: ABS mara nyingi ina fyuzi zaidi ya moja, ikiwemo kubwa ya mota ya pampu, na inaweza kuwa imefichwa mbali na kisanduku kikuu.

Zikiwa nzima, shuka kwenye magurudumu. Sensa nyingi zina sumaku, hivyo vumbi la chuma kutoka kwenye diski na pedi huganda kwenye pua yake mpaka inakuwa na ndevu. Fungua boliti yake, ifute kwa kitambaa, irudishe. Ukiwa hapo, zungusha gurudumu polepole huku ukitazama ringi kwa upande. Ikiyumba, imepinda. Hilo hutokea sana baada ya kubadilisha tairi, pale rimu ilipolazwa chini kwa upande wa ringi. Nafasi kati ya sensa na ringi ni ndogo, kwa pikipiki nyingi karibu na milimita moja, kwa hiyo hata mpindo usioonekana vizuri unatosha kuvuruga hesabu. Pima kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) ukifuata kipimo cha kitabu.

Mwisho fuata waya wa sensa kuanzia kwenye gurudumu mpaka unapoingia chini ya tangi. Tafuta mahali ulipobanwa na klipu, uliposuguliwa na tairi au ulipolamba ekzosi.

Nilizungusha gurudumu la nyuma kwa injini pikipiki ikiwa kwenye stendi ya katikati, taa ya ABS ikawaka. Nimeharibu nini?

Hujaharibu kitu. Kompyuta imeona gurudumu la nyuma linakimbia na la mbele limelala, ikaandika hitilafu. Zima swichi, subiri kidogo, washa, endesha. Kwa pikipiki nyingi itazima yenyewe.

Msimbo wa hitilafu unasomwaje?

Kwenye pikipiki nyingi za zamani kidogo, unaunganisha pini mbili za soketi ya ukaguzi kama kitabu kinavyoelekeza, kisha unahesabu taa inavyopepesa. Mtindo wa kawaida ni mpepeso mrefu kuwa kumi na mfupi kuwa moja: mrefu mmoja na mifupi mitatu ni 13. Usikisie pini. Ukiunganisha zisizo zenyewe unaweza kuunguza kompyuta ambayo ilikuwa nzima.

Pikipiki zilizotengenezwa kwa kiwango cha Euro 5 (cha moshi wa injini), kilichoanza kutumika Ulaya mwaka 2020, nyingi zina soketi ya pini 6 na zinasomwa kwa kifaa cha kuchomeka.

Lakini soma msimbo kwa akili. "Hitilafu ya sensa ya gurudumu la mbele" haimaanishi sensa imekufa. Inamaanisha kompyuta haipati habari kutoka huko, na kati yake na sensa kuna soketi, waya na pini zinazoota kutu.

Taa ya breki ya nyuma inawaka muda wote, hata sijagusa kitu.

Kuna swichi mbili, moja chini ya mkono wa breki ya mbele na nyingine karibu na kanyagio. Chomoa waya za ile ya mbele. Taa ikizima, umempata. Isipozima, chomoa ya nyuma.

Swichi ya mbele ni ndogo, ina kidoti kinachobonyezwa na mkono. Vumbi na maji vikiingia, kidoti hubaki ndani. Wakati mwingine tone la mafuta mepesi linakirudisha, ila ikiwa kimezoea kukwama, weka swichi mpya. Ya nyuma ya aina ya springi huwa haijafa, imekosa marekebisho tu: shika mwili wake usizunguke, uzungushe nati yake mpaka taa iwake muda mfupi kabla breki haijaanza kushika. Watu huzungusha mwili badala ya nati, waya zinajisokota ndani, kisha wanarudi na swali jingine.

Usiipuuze kwa kuwa ni taa tu. Balbu ya wati 21 inakula karibu ampea 1.75. Ukisahau swichi ya ufunguo imefunguliwa, betri ya Ah 7 (yaani inayoweza kutoa ampea 1 kwa saa 7) inakwisha kwa saa nne hivi. Isitoshe, wa nyuma yako hana tena namna ya kujua lini unafunga breki kweli.

Na isipowaka kabisa?

Ikiwaka kwa breki moja tu, tatizo ni swichi ya ile nyingine. Isipowaka kwa zote mbili, tazama balbu, kisha ethi ya taa ya nyuma (njia ya umeme kurudi upande hasi wa betri kupitia chuma cha pikipiki), kisha fyuzi.

Taa nyekundu ya breki inawaka. Nimeangalia, mafuta yamepungua. Niongeze tu?

Bado. Mafuta ya breki hayachomwi kama petroli. Yakipungua, ama yamehama ama yamevuja.

Kuhama ni kawaida. Pedi zinapolika, pistoni za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) zinasogea nje na mafuta yanashuka kujaza nafasi nyuma yake. Kikombe cha mafuta ya breki kinapungua taratibu kwa miezi, mpaka boya lililo ndani linawasha taa. Kwa hiyo piga tochi kwenye kalipa uangalie unene wa pedi, yaani ile sehemu ya kusugua, bila kuhesabu bati la nyuma. Zikibaki milimita 2, panga kuzibadilisha. Kwenye milimita 1 usiendelee. Ukijaza kikombe pedi zikiwa zimeisha, siku ya kuweka mpya pistoni zitarudi ndani na mafuta yatamwagika juu ya tangi. Mafuta ya breki yanakula rangi. Yakidondoka, mwagia maji mengi papo hapo, usisubiri kutafuta kitambaa.

Pedi zikiwa nene na mafuta yamepungua, kuna mvujo. Vuta kile kiraba kwenye masta (pampu ya breki), pale mkono unapoisukuma pistoni: pakiwa na unyevu ndani, sili imekwisha. Fuata hozi kwa vidole kutoka juu mpaka chini, hasa kwenye maungio. Tazama kuzunguka pistoni za kalipa na ukingo wa ndani wa tairi. Mafuta yakiwa yamefika kwenye pedi, zitupe, usizisugue na msasa kwa matumaini. Pikipiki hiyo haiendeshwi mpaka mvujo uzibwe na hewa itolewe.

Halafu kuna taa inayowaka na kuzima pikipiki ikiegemea stendi ya pembeni au ikipanda mlima mkali. Hiyo ni mafuta yaliyo karibu na alama ya chini, yanahamia upande mmoja wa kikombe. Ni onyo la mapema, na lina faida kubwa kwa anayelisikiliza.

Niweke mafuta gani?

Yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikombe. DOT 4 ndiyo ya kawaida zaidi. DOT 5.1 inachanganyika na DOT 4. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganyiki na hizo, ingawa jina linakudanganya kuwa ni ndugu. Chupa iliyokaa wazi kwa muda mrefu usiitumie: DOT 4 na DOT 5.1 zinavuta unyevu kutoka hewani. Kiwango cha DOT 4 kinataka yakiwa mapya yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanywa maji, kipimo kinachokubalika kinashuka hadi 155. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wanataka yabadilishwe kila baada ya miaka 2, hata kama pikipiki imekaa tu.

Mkono wa breki umekuwa laini kama sifongo, na hakuna taa yoyote.

Hewa imeingia, au mafuta yamechemka mteremkoni. Taa haiwezi kujua hilo, inajua kiasi cha mafuta tu. Na ikiwa umetoka kubadilisha pedi sasa hivi, pampu mkono mara kadhaa kabla hujaondoka. Mara ya kwanza hautashika kitu kabisa, na ni afadhali ugundue hilo ukiwa umesimama.

Nikibonyeza stata inalia tak-tak-tak-tak. Stata imekufa?

Sikiliza vizuri, kwa sababu kila mlio una maana yake.

Tak-tak ya haraka mfululizo ni rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayoshika na kuachia kwa kuwa volti zinaanguka. Betri haina moto wa kutosha, au moto upo ila haupiti kwenye kiungo kibovu. Weka mita kwenye vichwa vya betri. Betri iliyojaa na kupumzika inasoma volti 12.6 hadi 12.8, na ikisoma 12.0 iko karibu tupu. Sasa bonyeza stata huku ukitazama. Ikianguka chini ya 9.5, chaji au badilisha betri.

Tak moja tu, na mita inabaki 12.5? Moto haujaenda kokote. Vidole vya rilei vimeungua, waya mnene umelegea, au brashi za stata zimekwisha.

Kimya kabisa? Usinicheke, anza na swichi nyekundu ya kuzima injini. Nimeshafungua tangi la mtu nikijua nakwenda kwenye kazi kubwa, kumbe mtoto aliibonyeza. Kisha hakikisha gia ni nyutro, vuta klachi, pandisha stendi ya pembeni. Vyote hivyo vina swichi zake za usalama, na ile ya stendi inakaa chini kabisa ambako tope linarushwa.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni hiki, na wengi hawakifanyi. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, piga stata. Unapima volti zinazopotea njiani kwenye ethi. Ikisoma 0.2 au chini, safi. Ikipita 0.5, ethi yako ni mbovu, hata kama kwa macho inang'aa. Fungua boliti, piga msasa mpaka chuma kitoke, funga tena.

Betri ni mpya lakini inakwisha kila baada ya siku chache.

Ama haichajiwi, ama inanyonywa pikipiki ikiwa imelala.

Kuchaji: washa injini, vuta mafuta mpaka mizunguko kama 4,000 au 5,000 kwa dakika, soma kwenye vichwa vya betri. Pikipiki nyingi zinatakiwa ziwe kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, moto haufiki: soketi ya rektifaya (kifaa kinachogeuza na kudhibiti umeme wa kuchaji), rektifaya yenyewe, au koili ya chaji. Ikipita 15, rektifaya imeshindwa kuzuia, nayo itachemsha betri na kuunguza balbu. Kabla hujainunua, chomoa soketi yake uitazame puani. Plastiki iliyogeuka kahawia na pini iliyoyeyuka ni kiungo kilichokuwa kimelegea kikapata joto. Rektifaya mpya kwenye soketi hiyohiyo itakufa vilevile.

Kunyonywa: zima swichi, fungua waya hasi wa betri, pitisha mita ya ampea kati ya waya huo na kichwa cha betri. Usifungue swichi wala kupiga stata mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake. Miliampea chache ni saa na kumbukumbu za kompyuta. Ukiona 50, fanya hesabu: hiyo ni Ah 1.2 kwa siku, na betri ya Ah 7 haimalizi wiki. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Alamu na chaja za simu zilizounganishwa moja kwa moja kwenye betri ndizo washukiwa wangu wa kwanza.

Fyuzi inaungua kila nikiweka mpya.

Ina shoti. Usiweke fyuzi kubwa zaidi na usifunge karatasi ya sigara. Fyuzi ndiyo sehemu iliyopangwa iungue. Ukiizuia, itaungua wayaringi nzima. Rangi zinakusaidia: 10 nyekundu, 15 bluu, 20 njano, 30 kijani.

Badala ya kumaliza pakiti ya fyuzi, chukua balbu ya wati 21, iunganishie vipande viwili vya waya, uviingize pale fyuzi inapokaa. Zima au chomoa vinavyotumia njia hiyo. Shoti ikiwepo, balbu itawaka kwa nguvu zote, lakini haiwezi kupitisha zaidi ya ampea 2 hivi, kwa hiyo hakuna kinachoyeyuka. Sasa tembea na wayaringi kwa mkono: tikisa, kunja, zungusha usukani, chomoa soketi. Balbu ikizima ghafla, vidole vyako viko juu ya tatizo.

Indiketa za upande mmoja zinapepesa haraka.

Balbu moja imeungua, au ina wati pungufu. Ikiwa zinakimbia baada ya kuweka za LED, badilisha rilei uweke inayokubali LED.

Pikipiki inazima nikikata kona kulia, kushoto haina shida.

Waya zinazopita kwenye shingo ya usukani zinakunjwa maelfu ya mara. Shaba ya ndani inakatika huku ganda la nje likiwa zima, hivyo macho hayaoni kitu. Weka nyutro kwenye stendi, washa injini, zungusha usukani pole pole kutoka mwisho hadi mwisho, kisha vuta waya moja moja kidogo. Uliokatika ndani unanyooka kama mpira.

Kuosha kwa mashine ya presha kunadhuru?

Kunadhuru ukilenga soketi, swichi, beringi na sensa. Baada ya kuosha, funga breki mara chache ukiwa unatembea pole, diski zikauke.

Nimeambiwa kompyuta ya ABS imekufa, ninunue nyingine. Nikubali?

Hufa, lakini mara chache kuliko inavyotajwa. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa na pikipiki iliyowasha taa ya ABS kila asubuhi na kuzima mchana. Nilibadilisha betri, nikabadilisha rektifaya, nikaanza kuulizia kompyuta. Siku ya kupima ethi kwa mita, nikakuta volti 0.9 zinapotea kwenye boliti moja chini ya tangi. Niliifungua: chini yake kulikuwa na rangi nyeusi, laini, nzuri. Nilikuwa nimeipaka mimi miezi miwili nyuma nilipokuwa narembesha fremu.

Kwa hiyo mwambie fundi achomoe soketi ya hiyo kompyuta na kukuonyesha kwenye mita kwamba moto unafika, ethi ni safi, na waya za sensa zote mbili hazijakatika. Akishakuonyesha hayo na taa bado inawaka, nunua.